Dakika ya Kumi

Simu ilimkuta Peng Jui-mei ameinamia meza ya majaribio, glavu mikononi, macho kwenye kipimajoto. Alivua glavu ya mkono wa kulia kwa meno, akapokea.

"Mhandisi Peng? Samahani kwa usumbufu. Mimi naitwa Shao, niko ofisi ya ununuzi, kiwanda cha kompyuta cha Mama Ouyang. Tunaisoma ripoti yako, na ukurasa wa nne hauna joto la chumba. Ulipimia kwenye nyuzi ngapi?"

"Ripoti ipi?"

"Hii ya Touqian. Iliyotufikia Ijumaa. Alama za kasi elfu kumi na moja na mia nane, mwanzo mpaka mwisho wa jaribio. Mama mwenyewe amesema, hongereni, mashine haitoki hata jasho."

Touqian ulikuwa mto unaopita kando ya mji wao wa Hsinchu, na ndilo jina waliloipa prosesa yao mpya, chipu ya kuendesha kompyuta mpakato. Jui-mei alikuwa ameipima kwa miezi kumi na minne. Alizijua namba zake kama mama anavyojua homa ya mtoto wake, na hiyo elfu kumi na moja na mia nane hakuwa ameiandika popote.

"Ndugu Shao," alisema polepole, "ripoti hiyo ina muhuri?"

"Unao. Mwekundu, umekaa sawasawa. Peng Jui-mei."

"Nitumie picha za kurasa zote."

Picha zilifika kabla hajaivua glavu ya pili. Jina lake lilikuwa pale chini ya karatasi ya mwisho, jekundu, ndani ya kimraba chake, limenyooka kuliko alivyowahi kulinyoosha mwenyewe. Alishuka ngazi ghorofa mbili bila kungoja lifti.

Katika idara yao kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyekumbuka umeanzishwa na nani. Siku ya kwanza kazini, mtu alinunua muhuri wa bei nafuu kwenye kibanda cha pale stesheni ya treni, kijiti cha mbao kilichochongwa jina lake, akamkabidhi katibu wa idara. Katibu aliutumia kumgongea fomu za likizo, sare mpya, maji ya kunywa, na keki za sikukuu ya mwezi. Mihuri ya watu ishirini na watatu ililala ndani ya kopo moja la biskuti, imebanana kama dagaa, kwenye droo ya mezani kwa Pei-wen. Muhuri wa Jui-mei ulikuwa humo mwaka wa kumi na sita.

"Pei-wen. Ijumaa uligonga nini kwa jina langu?"

Pei-wen alikuwa anakunywa chai ya maziwa kwa mrija mnene. Alimeza kwa haraka. "Dada Jui-mei, mbona unanitisha? Niligonga mengi. Niligonga likizo ya Lu, niligonga..."

"Kwa jina langu."

"Ripoti. Meneja Ko aliileta mwenyewe. Akasema mpimaji ni wewe, uko maabara, umevaa vazi lako la kuzuia vumbi, usisumbuliwe. Nikagonga."

"Uliisoma?"

"Dada, nikisoma kila karatasi, nyie mtapata likizo zenu mwaka kesho kutwa!" Alijaribu kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, kicheko kikamfia mdomoni. "Muhuri si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa wa keki, Pei-wen! Wa keki na maji!"

Watu kwenye meza za jirani waliinua vichwa. Jui-mei alilivuta lile kopo, akachambua mihuri kwa vidole mpaka akaupata wake, akautia mfukoni. Lililomchoma zaidi ni kwamba binti yule alisema kweli. Alikuwa ameutoa mwenyewe, kwa mkono wake, akamwachia mtu mwingine jina lake miaka kumi na sita kana kwamba ni mwavuli wa kuazimana. Angemlaumu nani? Lakini hasira haingoji mpaka upate wa kulaumiwa. Ilimbeba hadi mlangoni kwa Meneja Ko.

Ko Cheng-han alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa. Alisoma chuo kikuu kikubwa cha hapo mjini, akaongeza miaka miwili California, akarudi na viatu vyeupe na tabia ya kuita kila kitu safari. Kumpa mtu kazi mbili badala ya moja ilikuwa safari. Kupunguza bei ilikuwa safari. Na mwaka ule bei ilisafiri kweli. Mwezi wa pili, kampuni ya ng'ambo ya barabara, iliyotengeneza prosesa kama zao, ilishusha bei kwa dola tano kila moja. Mwezi wa tatu, wao wakashusha sita. Wale wakaongeza kasi kwenye matangazo, hawa wakaongeza zaidi. Walikuwa kama majirani wawili wanaoshindana kufagia uwanja, mpaka kila mmoja anaanza kuufukua msingi wa nyumba yake.

"Dada Jui-mei! Karibu, kaa."

"Sikai. Nani amepima elfu kumi na moja na mia nane?"

Ko alifunga mlango. "Tumepima sisi. Namba si ya uongo."

"Mmepima chipu moja."

"Chipu ni chipu."

"Chipu si chipu, na wewe unajua!"

Alijua. Kila mtu wa kazi ile alijua. Chipu hazizaliwi sawa hata zikikatwa kwenye sahani moja ya silikoni. Moja hutoka nyepesi, hukimbia kwa umeme kidogo. Dada yake wa pembeni hufikia kasi ileile kwa kula umeme mwingi, na umeme unaoliwa sana hugeuka joto, na joto likizidi prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kwa hiyo huchambuliwa kama mchele: daraja la kwanza, la pili, na za kutupa. Lakini mwezi ule wa tatu, baada ya kushusha dola sita, ilitoka amri kwamba za daraja la pili nazo ziandikwe la kwanza. Jina likapanda, chipu zikabaki palepale.

Jui-mei alikuwa amechota arobaini kutoka kwenye trei bila kuchagua, akazifunga kwenye kompyuta arobaini, akaziendesha dakika kumi kila moja. Dakika mbili za mwanzo zote zilipendeza. Kufikia dakika ya kumi, wastani ulikuwa elfu nane na mia tisa. Zilizobaki juu ya elfu kumi zilikuwa kumi na moja tu. Aliyaandika hayo mwezi wa nne, akampa Ko, na Ko akasema, asante Dada, nitaipitia.

"Na hiyo moja yenu," aliendelea, "mmeifungua kompyuta mgongo, mkailaza juu ya bamba la chuma, mkaipulizia feni."

"Nani amekwambia?"

"Ukurasa wa tano umeniambia! Chipu nyuzi sitini na mbili. Kompyuta iliyofungwa mgongo haikai sitini na mbili hata uitumbukize kwenye jokofu. Ukitaka kudanganya, Meneja, danganya kurasa zote."

Ko alivuta pumzi. "Sikiliza. Zabuni ya wilaya inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Kompyuta elfu sita. Mama Ouyang ndiye atakayeziunda, na anachagua prosesa ya kutia ndani: yetu au ya hawa wa ng'ambo ya barabara. Masharti yanasema alama elfu kumi, kwa kazi ya kuendelea. Ng'ambo wameandika elfu kumi na moja na mia mbili. Sasa mimi niandike elfu nane na mia tisa, kwa bei ileile? Si bora nifunge geti nikauze tambi?"

"Ungegonga muhuri wako."

"Masharti yanataka muhuri wa aliyepima. Aliyepima ni wewe."

"Nilichopima mimi mmekitupa!"

"Punguza sauti."

"Unajua hizo kompyuta zinakwenda kwa nani?"

"Shule za jioni," alisema Ko, na hapo akatabasamu, tabasamu ambalo Jui-mei alilikumbuka siku nyingi baadaye. "Kwa wenzako. Ndiyo maana nilidhani ungefurahi. Unajua, Dada, nyinyi mliosoma kwa zamu mna tatizo moja. Mnafundishwa kupima, hamfundishwi kuuza."

Jui-mei aliubana muhuri wake mfukoni.

Yeye alianza masomo ya jioni akiwa na miaka thelathini na minne, anatoka kwenye mstari wa kiwanda saa kumi na moja, anakula wali wa kwenye sanduku ndani ya basi, anaingia darasani saa kumi na mbili na nusu. Darasa lilikuwa na feni mbili za darini na watu hamsini: wapishi, madereva, mama mmoja aliyeuza maua. Shule iliwaazima kompyuta za bei chee, na kwa kuwa meza hazikutosha, wengine waliweka mapajani. Wakati wa mitihani ya mwezi wa sita, joto la chumba likiwa nyuzi thelathini na tatu, ya Jui-mei ilianza kukokota. Bonyeza, ngoja. Bonyeza, ngoja. Aliona majibu yamo kichwani mwake na mashine inakataa kuyapokea, mpaka muda ukaisha na ukurasa ukajifunga. Alirudia somo lile mwaka mzima. Muuza maua hakurudia. Aliaga, akaenda zake, hakuonekana tena. Wote wawili walidhani ni ujinga wao. Miaka mingi ilipita kabla Jui-mei hajajifunza kilichotokea ndani ya ile mashine, na siku alipojifunza alikaa chooni akalia.

"Jumatano," Ko alimwambia, amekwishashika kitasa cha mlango, "Mama Ouyang anakuja kwenye maonyesho. Makamu Tu wa mauzo atakuwepo. Utakaa, utatabasamu, ukiulizwa utasema ndiyo, nimepima mimi. Basi. Neno moja la Jumatano, tumemaliza safari."

Jumanne jioni Jui-mei alikwenda kwenye maombi, kanisa dogo la mjini Zhudong alikoimba sauti ya pili. Mvua ya mwezi wa tano ilikuwa haijaisha na viatu vilijaa mlangoni. Wenzake waliimba, yeye alishika kitabu tu. Alipopiga magoti alijaribu kusema sala aliyoizoea, ya kuomba moyo wa upole, na akaiachia njiani. Mchungaji alipita akamwekea mkono begani, akanong'ona, "Bwana akutulize, dada yangu."

Jui-mei akasali kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake kinyume cha mchungaji: Bwana, usinitulize. Ukinituliza nitanyamaza.

Jumatano saa nane mchana, chumba cha wageni cha ghorofa ya sita kilikuwa baridi kama jokofu la bucha. Ko alikuwa ameagiza kiyoyozi kishushwe mpaka nyuzi kumi na nane. Kuzunguka meza ndefu kulikuwa na viti vinane, na mbele ya kila kiti nakala ya ripoti, chupa ya maji, na keki mbili za nanasi. Katikati, juu ya kitambaa cheusi, ilikaa kompyuta moja inayong'aa. Maonyesho ya namna ile yalikuwa na desturi yake: jaribio dakika mbili, namba inatokea ukutani, watu wanapiga makofi, kisha chai. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba dakika ya tatu, kwa sababu chai ilikuwa tayari.

Makamu Tu, mkuu wa mauzo, alimwongoza Mama Ouyang hadi kitini kana kwamba anabeba mayai. Mgeni huyo alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele fupi, viatu vya kitambaa, na chupa yake ya chai kwapani kwa kuwa hakuamini chai ya watu wanaotaka kumuuzia kitu. Shao alikaa kulia kwake na daftari.

"Mama Ouyang," alianza Makamu Tu, "leo utaona mwenyewe kwa nini..."

Mlango ukafunguliwa. Jui-mei aliingia akisukuma kitoroli cha maabara, gurudumu moja linapiga kelele, na juu yake kompyuta kumi za kijivu, zimekwaruzwa, zimebandikwa namba kwa karatasi.

Ko aliruka. "Dada Jui-mei, hivyo ni vya nini? Rudisha. Tumeshaandaa."

"Hivi ni Touqian," alisema Jui-mei. Alizungumza akimtazama mgeni. "Mama, mimi ndiye Peng wa kwenye muhuri. Nilichota chipu arobaini bila kuchagua. Hizi ni kumi za mwanzo, kwa mpangilio wa namba. Chagua moja wewe mwenyewe."

"Meneja Ko," Makamu Tu alisema kwa sauti ya chini, yenye tabasamu juu na kisu chini, "mtoe mtu wako nje."

"Mwache," alisema Mama Ouyang. "Nimechoka. Kila nikija huku naonyeshwa bibi harusi yuleyule, amepakwa poda ileile. Leo acha niwaone na mashemeji." Alinyoosha kidole. "Ile. Namba saba."

Shao alicheka, akajifanya anakohoa.

Jui-mei aliichukua namba saba, lakini hakuiweka mezani. "Iweke magotini, Mama. Watakaoitumia hawana meza."

"Wewe nawe!" Mama Ouyang alimtazama juu hadi chini, kisha akaipakata. Jui-mei alikwenda ukutani, akapandisha kiyoyozi mpaka nyuzi ishirini na nane, akarudi, akaanzisha jaribio.

Dakika ya pili, namba ilitokea ukutani: elfu kumi na moja na mia moja.

Ko alipiga makofi kwa nguvu, mtu wa pili akamfuata, wa tatu akamfuata. "Basi! Mmeona wenyewe! Hata bila maandalizi! Chai tafadhali." Akaunyoosha mkono kukifunga kifuniko.

Jui-mei alikiweka kiganja chake juu ya ukingo wa skrini. "Bado."

"Jaribio limekwisha."

"Limeanza. Toa mkono wako, Meneja, usije ukafungia vidole vya mgeni."

Walikaa. Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Keki zilikuwa pale na hakuna aliyezigusa. Dakika ya nne, elfu kumi na mia tatu. Dakika ya tano feni ndogo ya ile kompyuta ilianza kupiga mluzi kama birika. Dakika ya saba, elfu tisa na mia nne, na Mama Ouyang akasogeza goti.

"Inaunguza."

"Ndiyo, Mama. Vumilia. Mwanafunzi hana wa kumpa."

Dakika ya kumi ilisema elfu nane, mia nane na hamsini. Mama Ouyang aliinyanyua ile kompyuta kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya kile kitambaa cheusi, kando ya bibi harusi. Suruali yake ilikuwa na alama ya jasho, mraba kamili.

Hapo Jui-mei alitoa kalamu mfukoni. Alianza na nakala ya Shao kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Alifungua ukurasa wa mwisho, akaupiga muhuri wake mstari, mmoja huku, mmoja huku, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Pembeni akaandika kwa mkono: *Sikupima hii. Nilichopima: 8,900. Peng Jui-mei.* Akahamia kiti kinachofuata. Akafanya vilevile. Kilichosikika ni kalamu tu na mluzi wa ile feni. Alizunguka meza namna hiyo, kiti kwa kiti, kama mtu anayepalilia.

"Hii ni mali ya kampuni," Makamu Tu alisema alipofikia nakala ya sita.

"Karatasi ni ya kampuni. Jina ni langu."

Ya saba ilikuwa ya Mama Ouyang, na alipoinama juu yake, mama yule alisema bila kupaza sauti, "Binti, unadhani sikujua?"

Kalamu ilisimama.

"Miaka thelathini nanunua vitu hivi. Ng'ambo ya barabara jana wamenionyesha dakika mbili. Nyinyi leo dakika mbili. Ripoti zenu nazichukua, nawapelekea wale, ripoti zao nawaletea nyinyi, mnakatana bei wenyewe kwa wenyewe, na mimi nakunywa chai yangu. Huo ndio mchezo. Kila mtu humu ndani anaujua."

Jui-mei alidhani hasira yake ilikuwa imefika mwisho. Haikuwa imefika. Macho yalimjaa maji ya uchungu, na alichukia kwamba wataona.

"Kila mtu humu ndani," alirudia. "Na aliye darasani je? Yeye ameambiwa? Anafungua mtihani wake, mashine inamfia mikononi, anadhani ni yeye mjinga. Anaacha shule, Mama! Nimewaona wakiacha. Nyinyi mnaita mchezo, na kila mmoja wenu amekaa na keki mbili mbele yake!"

"Usinifundishe kazi," alisema Mama Ouyang kwa ukali.

"Basi ifanye!"

Ko alifunika uso kwa mikono yote miwili. Jui-mei alimaliza nakala ya saba, akaandika namba yake, akaenda kwenye ya nane.

Ya nane ilikuwa mbele ya Makamu Tu, na Makamu Tu alikuwa amelaza kiganja chake juu yake. Mkono mzito, wenye saa kubwa. Jui-mei alisimama pembeni yake. Hakuvuta, hakusukuma. Alingoja.

"Toa mkono, Makamu."

"Unajua unachokifanya? Watu mia nne wanakula hapa."

"Toa mkono."

"Ukipiga mstari hapo, hatuna ripoti. Hatuna ripoti, hatuna zabuni. Kule ng'ambo watafyatua fataki."

"Toa mkono wako juu ya jina langu."

Mwishowe alikuwa Mama Ouyang aliyesema, akifungua chupa yake ya chai, "Tu, toa mkono. Ningesaini mimi, si wewe. Wanafunzi elfu sita wakiungua mapaja, wilaya itanijia mimi. Ng'ambo nao kesho watakaa kwangu dakika kumi, na nitazima kiyoyozi kabisa. Nimekwishajua joto lake, siwezi tena kusema sikuambiwa."

Makamu Tu aliondoa mkono, na Jui-mei akapiga mstari.

Mama Ouyang alikunywa, akapangusa mdomo. "Katika arobaini, ngapi zilibaki juu ya elfu kumi?"

"Kumi na moja."

"Ni chache kukuamini, na ni nyingi kukutupa. Nipimie mia mbili. Dakika kumi kila moja, mgongo umefungwa. Ijumaa asubuhi nataka kujua katika kila mia ni ngapi zinazosema kweli, na hizo ndizo nitakazotia kwenye zabuni, zikitosha."

"Mama Ouyang," Makamu Tu aliingilia, sauti imemkauka, "tukichambua hivyo, kwa bei ile, tunakula hasara kwenye kila chipu."

"Bei niliitaja mimi?"

"La, lakini..."

"Mliitaja wenyewe. Mliitaja kwa sauti kubwa mpaka ng'ambo wakasikia." Alisimama, akaitazama ile alama ya jasho kwenye suruali yake, akasonya. "Shao, twende."

Wageni walipotoka, Makamu Tu alizungumza bila kumwangalia mtu. "Peng. Utapima hizo mia mbili kwa sababu mteja amesema. Ijumaa ukishakabidhi, acha kitambulisho chako getini. Uende nyumbani ungoje barua."

"Sawa," alisema Jui-mei. Alikuwa amelitarajia, na bado lilimpiga. Alishika kitoroli chake, akakisukuma nje.

Ko alimfuata hadi kwenye korido. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vinakimbia na yeye mwenyewe hajui aendako. "Umetuua! Umeelewa? Umetuua sote, kwa ajili ya kijiti cha mbao!"

"Mimi nimefuta jina langu tu, Meneja. Ya kwenu bado yapo mlikoyaandika."

"Ungenifuata ofisini tukazungumza!"

"Nilikufuata. Ukaniambia sikufundishwa kuuza."

Walifika maabara. Ilikuwa saa tisa na robo. Jui-mei aliweka kompyuta kumi kwenye rafu zake, akafungua daftari jipya, akachora mistari kwa rula. Chipu mia mbili, dakika kumi kila moja, meza kumi na mbili. Ukihesabu muda wa kufungua na kufunga kila kompyuta, zingekwisha Ijumaa alfajiri kama mtu asingekaa chini. Alijaribu kumwombea yule aliyesimama mlangoni, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na akaona bado hawezi. Hakujilazimisha. Mungu anajua saa.

"Nataka trei tano kutoka ghala," alisema. "Za juu, za katikati na za chini, zisichaguliwe."

"Vijana wa ghala wako mapumziko," alijibu Ko.

"Wewe upo."

Ko alimtazama. Kisha alikunja mikono ya shati lake, kwa hasira, kifungo kimoja kikaruka kikaenda kulala chini ya meza, akageuka kuelekea ghala.

"Na usizipitishe kwenye chumba cha baridi!" Jui-mei alimpigia kelele mgongoni, akavaa glavu.